Fungate ya Kapteni na Zena

Vijana wangu, kabla hamjanipigia simu kuniuliza kwa nini kasuku wenu hawapati watoto, hakikisheni kwanza kwamba hamjawafungia majike wawili chumba kimoja.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Pale Kasulu, nikiwa kijana mwenye cheti cha kidato cha nne na miguu isiyotulia, padri mmoja mzee aliniajiri nitunze kasuku wake wawili wa kijivu, wale wenye mkia mwekundu. Walipendana kuliko maharusi. Walichambuana manyoya, walilala bega kwa bega, na msimu wa kwanza yakatokea mayai saba kwenye kiota. Kasuku wa kijivu hutaga matatu, akizidi sana manne. Padri alisema tumebarikiwa. Mimi nikajiona bingwa. Tukangoja siku thelathini, tukangoja hamsini, mpaka mpishi wa padri akanijia na kikapu. "Yohana," akasema, "ama uyaondoe hayo mayai, ama nihame mimi." Tulipopeleka manyoya maabara, majibu yakarudi: jike na jike. Padri alicheka hadi miwani ikamdondoka. "Kumbe tulikuwa na nyumba ya masista," akasema.

Kwa kasuku hawa, dume na jike hufanana kama punje mbili za choroko. Msikubali mtu awaambie anawatambua kwa kichwa au kwa macho. Toeni unyoya, pelekeni ukapimwe.

Kazi hii nimeiacha, na si kwa uzee, maana miaka arobaini na kitu si uzee. Kasuku wa kijivu hutoa unga mweupe kwenye manyoya yake, laini kama poda ya mtoto. Nimeuvuta unga huo karibu miaka ishirini bila kufunika pua, nikijiona mwanamume. Daktari alinisikiliza kifua, akasema mapafu yangu yamechoka na ndege. Vaeni barakoa. Simulizi za kazi hii ninazo nyingi, lakini ya Ujiji ndiyo inayonirudia kila mvua zinapoanza.

Nilifika Ujiji nikitoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, nikiwa na begi moja na nia ya kulala siku mbili kisha nipande treni kwenda Tabora. Nilifikia kwenye nyumba ya wageni ya Bi Mwajuma, mjane wa miaka sitini na kitu, vyumba sita na ua mpana. Uani kulikuwa na banda la ndege la wavu na bati, refu kuliko mtu, na ndani yake kasuku wawili. Asubuhi nilipokuwa nikinawa uso, mmoja akaniuliza nimeamkaje. Nikamjibu. Akaniuliza habari za nyumbani. Bi Mwajuma alinikuta bado naongea naye, na nilipomwambia nimewahi kufanya kazi ya ndege, akanikabidhi ufagio. Siku mbili zikawa majuma.

Dume aliitwa Kapteni. Bi Mwajuma alimlea kwa kijiko cha uji tangu akiwa kinda asiye na manyoya. Jike aliitwa Zena, aliachwa pale na mwalimu aliyehamishwa. Wote walikuwa na kibali, kimewekwa kwenye fremu ukutani kando ya picha ya harusi ya mwenye nyumba. Hili nalo mlishike: kasuku anayeletwa na mtu kwenye kapu lililofunikwa, bila karatasi, msimguse. Kumchukua ni kosa, na kumi kama yeye wamekufa njiani ili mmoja akufikie.

Sasa, Kapteni alikuwa maarufu mtaa mzima kwa salamu. Waliopita kwenda sokoni walimwambia "Jambo Kapteni," naye akajibu. Wauza mahindi kutoka Simbo walimwamkia kwa Kiha, "Mwakeye," naye akajibu kwa Kiha. Watoto wa madrasa walimpa "Asalaam alaykum," na jibu lake alikuwa halipunguzi hata neno. Umaarufu huo ndio ulioleta balaa. Idrisa, mtoto wa kaka yake Bi Mwajuma, anayeendesha hoteli Dar es Salaam, alikuja likizo, akamsikia, akamtaka awekwe mapokezi akaribishe wageni. Zena, Idrisa hakuwa na haja naye. Zena alikuwa hasemi.

Idrisa hakuwa mtu wa kunyimwa kirahisi. Ndiye aliyemsafirisha shangazi yake na kumuuguza alipopasuliwa jicho. Lakini mimi nilikwisha kuona jambo moja. Kapteni alipoumia ukucha akawekwa ndani ya nyumba juma moja, Zena aling'oa manyoya ya kifua chote, akabaki kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Nikamfuata Bi Mwajuma.

"Bibi, Kapteni akiondoka, Zena hamalizi mwezi."

"Mbona Kapteni mwenyewe hamtaki? Kila siku anamfukuza kwenye chakula."

"Kapteni hamtaki Zena. Zena anamtaka Kapteni."

"Makubwa." Alifikiri huku akipepeta mchele. "Basi sikiliza. Nyumba yenye mtoto mimi sivunji, hata iwe ya ndege. Wakitaga kabla mvua hazijakatika, Idrisa nitamkatalia kwa mdomo wangu huu. Wasipotaga, hao ni wapangaji tu, kila mtu ashike njia yake."

Ilikuwa mwanzo wa mvua. Tabora nikaiahirisha tena.

Nilianza na kiota. Niligongelea kisanduku safi cha mbao, nikakipiga msasa, nikakitundika. Kasuku wakakitazama kama mtu anavyotazama jeneza la jirani. Aliyenitoa ushamba ni Mama Riziki, rafiki wa Bi Mwajuma, muuza mawese wa Katonga ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kongo. Mwanamke mnene, mcheshi, na kwa kazi yake ya pili alikuwa kungwi: ndiye aliyewafunda wari wa nusu ya Ujiji kabla hawajaingia nyumbani kwa waume zao.

"Weye Yohana, nani alikwambia kasuku analala ndani ya kreti ya soda? Anataka mti uliooza moyo."

Kesho yake mkokoteni ukaniletea gogo la mchikichi uliokufa, ndani tupu kama ngoma. Nikaziba chini kwa ubao, nikatoboa tundu la kumtosha kasuku mmoja kupita akijibana, nikaweka ngazi ya waya kwa ndani ili asiteleze, na nyuma nikakata kamlango kadogo ka bawaba kwa ajili yangu. Nikalitundika juu, kwenye kona yenye giza kuliko zote. Siku ya pili Zena alikuwa ndani anatafuna kuta, vumbi na nyuzi zikimwagika.

Hapo nikafanya kosa la mtu msafi. Kila asubuhi nilifungua kamlango nikafagia zile takataka, nikijisifu kwa usafi. Mama Riziki alinikuta nikifagia. "Mwari anatandika kitanda, weye unatandua," akasema. "Utamaliza lini?" Vile vipande anavyotafuna ndiyo godoro lake. Msiviguse.

Chakula nacho. Wengi mnawapa alizeti tupu, wananenepa, na wakitaga ganda linakuwa laini kama karatasi. Wapeni mahindi mabichi, choroko zilizochipua, mchicha, yai la kuchemsha pamoja na ganda lake lililopondwa. Na kwa sisi wa Kigoma kuna bahati ambayo wafugaji wa mbali wanaililia: chikichi. Zile nyekundu, mbivu, zilizotoka shambani leo. Kasuku akizila hupaka mawese mdomo mzima, macho yanang'aa, na ukitoa bati moja la paa ili mvua imnyeshee kidogo, utamwona anacheza kama kijana aliyepata mshahara. Lakini parachichi hata kipande msimpe. Ni sumu kwake. Mkulima mmoja wa Simbo aliniletea kikapu kizima cha maparachichi kama zawadi ya ndege, nikayala mimi siku nne.

Ilipofika Februari kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa bwana harusi. Zena alishinda ndani ya gogo. Kapteni alishinda mlangoni mwa banda akimngoja Bi Mwajuma. Akimwona huinamisha kichwa, hulegeza mabawa, na akipewa kidole huukunja mwili na kutema chakula kilichosagika, akakipakaza kidoleni kwa uangalifu.

"Ananilisha, masikini," Bi Mwajuma alicheka, siku ambayo Mama Riziki alikuwepo.

Mama Riziki hakucheka. Alitazama kile kidole, akamtazama Zena aliyechungulia kwenye tundu. "Mwajuma, shoga yangu, weye ni mke mwenza."

"Nini?"

"Huyu bwana ana mke. Ni weye. Zena ni mgeni aliyefikia kwako."

Nilitaka ardhi inimeze, maana ndilo jambo ambalo mimi, mwenye kazi, nilipaswa kuliona tangu mwezi wangu wa kwanza pale. Kasuku aliyelelewa na mtu hujiona mtu, na kila anayemsalimia humkumbusha hivyo. Dawa ni moja: watu wajitenge naye.

Nikachukua kadibodi, nikaandika kwa herufi kubwa: USIMSALIMIE KASUKU. Nikaitundika getini. Kabla ya adhuhuri muuza kahawa wa kona alikuja na wazee wenzake wawili.

"Mwajuma, nimezaliwa mtaa huu," akasema. "Sijaona nyumba inayokataza salamu. Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Ni mambo ya ndege."

"Ndege naye tumemkosea nini?"

Mke wa muuza kahawa alikwisha kutangaza kwamba Bi Mwajuma ana maringo tangu apasuliwe jicho. Wengine walisalimia kwa makusudi, kwa sauti ya juu, kutoka barabarani. Kapteni hakuwahi kusalimiwa kama siku ile.

Mama Riziki ndiye aliyeing'oa kadibodi. "Yohana, watu wa hapa huwezi kuwakataza salamu. Wape sababu wanayoijua. Waambie ni fungate."

Mimi nimekulia Kasulu kwa Wakristo, ikabidi anieleze. Maharusi wakiingia ndani, hufungiwa siku saba. Hakuna anayewabishia hodi, hakuna anayewasalimia. Kungwi huweka chakula mlangoni na kuondoka. Na hakuna jirani anayenuna, kwa sababu kila mtu amepita humo, au anatamani kupita.

Tukazungusha mikeka banda zima, tukatundika khanga mpya mlangoni, na kwenye kadibodi nikaandika neno moja. Mtaa ukaelewa papo hapo. Waliopita walishusha sauti na kuziba midomo kwa kicheko. Muuza kahawa aliwafukuza watoto: "Tokeni hapo, hamna adabu? Watu wako ndani." Vyakula vikaanza kuletwa: vichane vya chikichi, mahindi ya maziwa, papai. Mke wa muuza kahawa alileta haluwa na udi. Haluwa niliipokea kwa niaba ya maharusi. Udi niliuweka mbali, kwa kuwa moshi wowote, uwe wa ubani au wa kukaangia, huua ndege upesi kuliko paka.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko majirani. Kapteni alianza kumwita Bi Mwajuma kwa jina, jinsi wifi zake walivyozoea kumwita. "Mwaju. Mwaju, njoo." Alfajiri, mchana, jioni. Bi Mwajuma aliketi jikoni akichambua dagaa walewale mara mbili.

"Yohana, anaita."

"Mwache aite, bibi."

"Anaita kama anaumwa."

"Haumwi. Anadeka."

Siku ya tatu akasimama akaelekea kwenye mikeka. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikasimama mbele yake.

"Hii nyumba ya nani?" akaniuliza.

"Yako, bibi."

"Na yule ndege wa nani?"

"Wako. Na Zena pia ni wako."

Nikaanza kuhesabu moyoni nguo zangu zilizoko kambani. Bi Mwajuma akageuka, akaingia chumbani, akatoka na kikapu. "Naenda Ilagala kwa dada yangu. Nikibaki hapa nitaharibu. Najijua."

Kapteni aliita siku mbili zaidi. Siku ya sita akanyamaza. Nilikuwa napita na ndoo ya maji nikasikia sauti ndogo kutoka nyuma ya mkeka, kama watu wawili wanaosimuliana jambo. Nikachungulia penye upenyo. Kapteni alikuwa juu ya gogo, mabawa yamelegea, kichwa kimeinama, anamlisha Zena mdomo kwa mdomo. Niliketi palepale kwenye tope.

Siku saba zilipokwisha, Mama Riziki alikataa mikeka itolewe. "Ndege hajui kuhesabu," akasema. Bi Mwajuma alirudi baada ya majuma mawili, na tangu hapo alipita mlango wa mbele tu, uani hakukanyaga.

Mvua zilikuwa zinapungua. Idrisa akapiga simu, akapanda treni, akateremka Kigoma Jumamosi akiwa na kitundu kipya cha safari. Alimwamkia shangazi yake, akanywa chai, akapangusa mdomo.

"Haya, shangazi, Kapteni wangu yuko wapi?"

Bi Mwajuma akanigeukia. "Yohana, wametaga?"

"Wametaga, bibi. Yapata siku kumi na tano."

"Umeyaona hayo mayai?" Idrisa akauliza.

"Sijayaona."

"Hujayaona, ila yapo."

"Yapo."

"Si ufungue tu kamlango tuyaone?"

Hapa niwaeleze ya Kalemie. Kule nilitunza kasuku wa fundi cherehani. Jike alipotaga, nilifungua kila asubuhi kuchungulia, kama mtu aliyebandika maharage. Siku ya nne aliyapasua yote matatu mbele ya macho yangu. Hakutaga tena, na fundi hakunisemesha tena. Zena alikuwa mgeni wa uzazi, mwenye woga. Kumthibitishia Idrisa kwamba mayai yapo kungeweza kuyamaliza mayai yenyewe.

"Sifungui," nikasema. "Lakini nitakuonyesha kitu."

Nikaleta kipande cha kadibodi nilichosafishia asubuhi. "Jike anayeatamia hujizuia. Hutoka mara moja asubuhi, akaacha kinyesi kikubwa mara tatu ya kawaida. Tazama hiki cha Zena. Hiki kingine cha Kapteni."

Idrisa alitazama kadibodi, akamtazama Bi Mwajuma. "Shangazi, nimekaa kwenye treni siku mbili nije kuonyeshwa mavi."

"Yaangalie vizuri basi," akasema Mama Riziki, aliyekuwa akinywa chai nasi, "umeyafuata mbali."

Idrisa akatoka uani, akainua mkeka. "Kapteni, jambo. Kapteni, mambo vipi?" Kapteni alishuka akasimama mbele ya tundu la gogo, manyoya ya shingo yamesimama, akatoa mngurumo kama wa mbwa mdogo. Hakujibu jambo, hakujibu mambo.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," nikasema.

Ndipo Bi Mwajuma akaja. Hakuwa amemwona Kapteni kwa wiki tano. Alisimama karibu na wavu, akapitisha kidole, akaita taratibu, "Kapteni." Kama angemwendea, fungate yote ingekuwa bure, na Idrisa angekuwa na haki yake.

Kapteni aligeuza kichwa, akamtazama kwa jicho moja. Akatazama kidole. Kisha akageuka, akajibana kwenye tundu, akaingia kwa mkewe.

Bi Mwajuma alikitoa kidole chake wavuni, akakifunika ndani ya khanga.

"Idrisa, mwanangu, nyumba hii siivunji."

"Kwa ushahidi wa mavi, shangazi?"

"Kwa ushahidi wa huyo. Miaka kumi na moja sijamwita akakosa kuja."

Idrisa ni mtu mwema, alifahamu. Tulikijaza kitundu chake migebuka mikavu, samaki wa ziwa letu, akarudi nacho Dar es Salaam, na nasikia behewa zima lilimlalamikia.

Siku kumi na nne baadaye niliweka sikio kwenye gogo nikasikia sauti nyembamba, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Mayai yalikuwa matatu, yaliyoanguliwa mawili. Zena na Kapteni waliyalea makinda wenyewe. Mimi niliongeza chikichi na kukaa mbali, na hiyo ni nusu ya kazi hii ambayo hakuna anayetaka kujifunza. Baada ya miezi mitatu makinda yalitoka yakasimama kwenye fito, yana mikia miekundu na sura za kushangaa.

Kapteni hakurudia tena lugha ya watu. Ndege dume akipata makao yake hufanya hivyo mara nyingi, na mwenye kupenda kasuku wa kusema ajue bei yake kabla hajaanza. Nilimwuliza Bi Mwajuma kama anajuta. Akaniambia nikakaze ule wavu wa kona.

Nilipoondoka hatimaye kwenda Tabora, wageni walikuwa bado wanafika kwa sababu ya sifa za zamani. Walisimama bandani wakasalimia, wakangoja, wakasalimia tena. Ndani wanne walikuwa wanagombania chikichi, hakuna hata mmoja aliyegeuka. Mgeni mmoja alimwuliza mwenye nyumba kama ni kweli yule dume aliwahi kusema.

"Alikuwa msemaji sana," Bi Mwajuma akamjibu, akimwonyesha chumba. "Siku hizi ana familia."